Dawa ya selimundu: ibaki hospitali ya rufaa au ishuke kituo cha afya?

Makadirio yanasema watoto 11,000 hivi huzaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ndiyo yenye mzigo mkubwa. Dawa ya kuwapunguzia mateso ipo, haidroksiyurea. Kinachobishaniwa ni nani aruhusiwe kuiandika na kumfuatilia mtoto anayeitumia.

Faida yake haina ubishi tena. Utafiti wa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale na kuchapishwa mwaka 2019, ulihusisha watoto 606. Kwa hesabu ya watoto 100 kwa mwaka, matukio ya maumivu makali yalishuka kutoka 98 hadi 45, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Hata malaria ilipungua kwa nusu.

Wanaotaka dawa ibaki rufaa wana hoja nzito. Haidroksiyurea hukandamiza uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, au chembe sahani, zinazogandisha damu, chini ya 80,000, dawa husimamishwa mpaka damu ipande, na bila mashine ya picha kamili ya damu hakuna atakayejua. Halafu kuna dozi. Huko Kampala, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 86 ya watoto waliopandishwa hadi karibu miligramu 30 kwa kilo ya uzito kwa siku walifikia kiwango cha damu kilicholengwa, wakati kwa waliobaki kwenye 20 hivi ni asilimia 37 tu, na madhara yalikaribiana. Kumwacha mtoto wa kijijini kwenye dozi isiyopanda ni kumpa tiba pungufu kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Hoja hii inauma, na wanaotetea kituo cha afya wasiipite kimyakimya.

Lakini mama wa Ukerewe anayepangiwa kliniki Mwanza anahitaji nauli ya kivuko, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kubaki na watoto wengine. Mwanzoni ni kila mwezi. Akikosa nauli, mwanawe hapati 30 wala 20, anakosa dawa kabisa. Tena utafiti wa kaskazini mwa Nigeria uliochapishwa mwaka 2022, kwa watoto waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kiharusi, haukuona tofauti kati ya miligramu 10 na 20 katika kukizuia, ingawa waliopewa 10 walilazwa zaidi. Dozi ndogo iliyo karibu ina kazi yake.

Kwa hiyo tunaegemea upande wa kuishusha, ila kazi ngumu iko kwenye upimaji wa dozi. Kapsuli ya kawaida ni ya miligramu 500, inayomtosha mtoto wa kilo 25 kwa dozi ya 20. Wa kilo 18 hupewa kapsuli 5 kwa wiki na kupumzika siku 2, wastani unatoka uleule. Wa kilo 12 anahitaji miligramu 240 kwa siku na hawezi kumeza kapsuli, kwa hiyo mfamasia wa hospitali amtengenezee dawa ya maji. Nyumbani kapsuli isifunguliwe: unga wake ni hatari kwa anayeushika bila glavu, hasa mjamzito.

Kosa linalojirudia ni mtoto kukua na dozi kubaki palepale. Yule wa kilo 18 akifika kilo 24 bila kupimwa uzito upya, anakuwa ameshuka hadi miligramu 15 kwa kilo, maumivu yanarudi, na familia inaamini dawa imechoka.

Kituo cha afya kianze na 20, kipime uzito kila ziara, kipeleke damu wilayani baada ya wiki 4 na baadaye kila miezi 3. Rufaa imwone mara mbili kwa mwaka kupandisha dozi na kupima mishipa ya ubongo. Penisilini V, ya kumkinga mtoto na maambukizi, miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi miaka 3, kisha 250 hadi miaka 5, haihitaji mashine yoyote. Kituo kinachoikosa hakina kisingizio cha kitaalamu. Haidroksiyurea nayo iingie kwenye oda ya kawaida ya kituo kwa Bohari ya Dawa kabla mtoto wa kwanza hajaanzishiwa, kwa sababu ikikatika, kinga aliyoijenga kwa miezi huanza kupungua ndani ya wiki chache.