Pikipiki ya safari ndefu: uzito kwanza, nguvu baadaye

Anayepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kwa pikipiki akitokea Dar es Salaam huanza kwa kuuliza injini ya cc ngapi itamfaa, na wengi humwonya asithubutu kuondoka na kitu kilicho chini ya cc 600. Onyo hilo lina msingi. Kutoka Dar hadi Chimala ni zaidi ya kilomita 700 za lami iliyojaa malori, na mwenye cc 150 anayepanda mlima Kitonga nyuma ya lori hana akiba ya nguvu ya kulipita kwa usalama, hasa akiwa na abiria. Breki za ngoma, zilizofungwa kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu, hazifui dafu mbele ya diski zenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga. Hayo nayakubali.

Ila hesabu hiyo imepigwa kwa kutazama lami tu. Chimala unaiacha barabara kuu na kupanda kwenda Matamba kwa njia ya vumbi na kokoto iitwayo Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake, na huko hakuna anayekuuliza kasi. BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na mafuta, kabla hujafunga masanduku. Yamaha Ténéré 700, inayosifiwa kwa wepesi, inazidi 200. Honda CRF300L ina takribani 142. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna kilo 107, yaani mtu mnene mzima, na huyo utambeba kila unapoanguka.

Kuanguka kwenyewe si ajabu, kwa kuwa kwenye kona ya kokoto hutokea ukiwa karibu umesimama. Pikipiki imelala upande wa bondeni, petroli inadondoka kwenye kifuniko cha tangi. Unaipa mgongo, unachuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma ya kiti, kisha unarudi kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa mapaja. Mara ya kwanza inainuka. Mara ya tatu, jua la saa saba, viatu vinateleza na magoti yanakataa. Aliye peke yake na kilo 290 pamoja na mizigo hukaa kando kusubiri wapita njia.

Hata hoja kwamba tangi kubwa hufika mbali zaidi haina nguvu inavyodhaniwa. Boxer BM150, pikipiki ya bodaboda ya cc 150, hubeba lita 11. Tukikadiria kwa ubahili kilomita 40 kwa lita, hiyo ni 440. GS hubeba lita 20, na kwa kilomita 21 kwa lita inafika 420. Waya wa klachi wa cc 150 ukikatika Makambako, fundi wa bodaboda anao dukani. Kompyuta ya kusoma hitilafu za pikipiki kubwa hana.

Ni kweli kwamba Kitulo, kwenye mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, kabureta ndogo huhema kwa hewa nyepesi. Anayesafiri na mwenzake ningemwelekeza kwenye injini ya ukubwa wa kati, ingawa Royal Enfield Himalayan ya cc 411 nayo ina kilo 199. Anayekwenda peke yake, cc 150 itamgharimu siku moja zaidi: alale Iringa, aifikie Chimala kesho yake mchana, na kona hamsini na saba azianze asubuhi ya siku ya tatu.