Tangu Mama Mkwe Aligonge Simtanki

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimekulia pembeni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo maji hayakuwahi kuwa mada. Yalikuwepo tu, kama hewa na madeni. Kisha serikali ikahamia Dodoma, nami na mafaili yangu tukaifuata, nikapanga nyumba Nkuhungu, nikaoa binti wa Kigogo. Mpaka hapo sina lawama.

Lawama zinaanzia Septemba, mama mkwe aliposhuka kwenye basi la Kongwa na kuku mmoja, mfuko wa mlenda mkavu, na macho yasiyopitwa na kitu. "Mbukwa! Nimekuja kuwasalimu siku tatu tu." Leo tuko wiki ya sita. Kuku tulishamla, hata mifupa haikumbukwi.

Kwetu maji yanatoka usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa. Tunajaza simtanki la lita 1,000, tunajaza ndoo, tunajaza mpaka sufuria la ubwabwa wa Krismasi. Lakini kila ikifika Alhamisi simtanki linakohoa, na tunaanza kununua kwa mwenye toroli, dumu kwa dumu, maji ya chumvi mpaka chai inakuwa kama supu iliyokimbiwa na nyama. Na mwisho wa mwezi bili inasema uniti 13. Uniti moja ni lita 1,000, piga hesabu mwenyewe. Nilishagombana na msoma mita. Nilishamwangalia jirani kwa jicho baya, maana mpapai wake ulikuwa unanawiri kuliko mshahara wangu.

Asubuhi ya kwanza mama mkwe alichukua mchi, akalizunguka simtanki, akawa analigonga kutoka chini kwenda juu huku ametega sikio, kama mtu anayechagua tikiti pale soko la Majengo. Akagonga jioni, akagonga tena alfajiri. Kisha akasema, mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake:

"Neema, mwambie baba yako usiku kuna mtu anakunywa maji humu ndani."

Nielezee hapo. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana. Salamu tunapeana, pole na safari tunapeana, lakini mambo ya bafuni na chooni hayatamkwi kati ya mkwe na mkwe. Kwa hiyo kila amri inapitia kwa binti yangu Neema, mwanafunzi wa darasa la nne, ambaye ndani ya wiki moja alikuwa balozi mwenye kiburi cha balozi.

"Baba, bibi anasema ukipiga mswaki uchote kikombe, bomba ufunge."

"Baba, bibi anasema gari linafutwa kwa kitambaa na nusu ndoo, siyo mpira." Hili nililikubali haraka. Dodoma hii ukiosha gari saa mbili asubuhi, saa nne upepo umekurudishia vumbi lako lote pamoja na riba.

Lakini maji ya ndani, ndugu zangu! Siku hizi maji ya nyumba yangu yana utumishi mrefu kuliko mimi. Yaliyoosha mchele hayamwagwi, yanapangiwa kituo cha kazi kwenye mpapai (na sisi tunao sasa). Yaliyosuuza nguo yanahamishiwa idara ya kudeki, yakimaliza kudeki yanawekwa kwenye ndoo nyekundu kusubiri kumwagwa chooni, na huko ndiko yanakostaafia. Juzi nilikosea, nikayamwaga ya kusuuzia moja kwa moja nje. Kimya kilichofuata kilikuwa kama nimefukuza mgeni mlangoni.

Kwenye kuoga ndipo nilipoonewa hasa. Neema alitumwa akatega ndoo ya lita 20 chini ya shawa huku mimi nikitakiwa kuimba, maana bibi alishagundua kwamba ninaoga kwa nyimbo. Wimbo mmoja wa kwaya, na kiitikio chake, ndoo ikajaa. Na mimi huwa naimba nne. Hukumu ikatoka palepale: nusu ndoo na kopo. Mimi ni mtu wa kilo 96. Lita 10 zikifika kiunoni zinakuwa tayari zimechoka. Nilimwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika kwamba avumilie, serikali ina mpango wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Dodoma, maji ya kwetu yako njiani yananifuata. Jibu halikuchukua dakika.

"Baba, bibi anasema yakija utayaogea kwa nusu ndoo vilevile. Anasema wao walikuwa wanafukua mchanga korongoni wanasubiri maji yajikusanye, wanachota kwa kata."

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe.

Sikujua kwamba mama mkwe alishasikia choo chetu kikifanya sss, sss, kama nyoka mwenye subira. Sikujua kwamba alimpigia mwanawe aliye fundi bomba, akaambiwa: tieni kitu cha rangi kwenye tangi la choo, msiflashi, subirini nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, tangi linavuja. Wakatia pakiti nzima ya juisi ya unga, ile nyekundu. Na mimi sikuambiwa. Ningeambiwaje? Mambo ya chooni hayo.

Saa nane usiku nikaamka, nikaenda kujisaidia, nikawasha taa ya simu, nikaangalia chini.

Damu.

Kichocho! Utotoni nimeogelea lile ziwa kila siku ya Mungu, na kila mtu wa Mwanza anajua kuna konokono wanaoeneza kichocho. Nikasema wamenivizia miaka 35, leo wamenipata. Nikarudi chumbani miguu ikigongana, nikamwamsha mke wangu, na kwa kuwa mtu hafi na mzigo, nikatubu. Nikamwambia kuna posho ya safari ya Singida ambayo sikuileta nyumbani. Nikamwambia imefichwa ndani ya kiatu cha harusi. Nikamwambia tangu amri ya nusu ndoo nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri kuoga na shawa, kimyakimya, bila kuimba. Mke wangu alianza kulia kwenye ugonjwa, akaacha kulia kwenye posho.

Ukutani, upande wa pili, nikasikia mtu anakohoa. Kisha minong'ono. Heshima ni heshima hata saa nane usiku: mtoto wa watu akaamshwa, akaja mlangoni anajikuna macho.

"Baba, bibi anasema ni juisi."

Kilichokuwa kimeharibika ni kiraba cha chini ya tangi la choo, kimekauka kwa chumvi. Fundi alikibadilisha kwa elfu nne. Miezi yote ile, maji ya kutoka visima vya Mzakwe yalikuwa yanasafiri kilomita zote hizo, yanapanda kwenye simtanki langu, kisha yanashuka chooni usiku kucha bila mtu yeyote kukaa. Bili iliyofuata ilikuwa uniti 7. Msoma mita alipopita niliweka simu sikioni, nikawa naongea na hakuna mtu.

Posho ya Singida imenunua gata na simtanki la pili, la lita 2,000. Mama mkwe amekadiria bati letu kwa hatua zake, Neema akapiga hesabu: mita za mraba 80, na kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 25 tu, mvua moja ya maana, na tangi limejaa. Ile ya kwanza kabisa tunaiacha ipite, ioshe vumbi na mavi ya kunguru.

"Baba, bibi anasema ataondoka akishaona tangi limejaa."

Mvua za huku zinasubiriwa Desemba. Nimeanza kuangalia mawingu kuliko wakulima wa uwele, nimejifunza mpaka upepo wa mvua unavyonuka. Jana jioni nilikuwa uani nimeinua shingo hivyohivyo, nikamsikia mama mkwe kwenye simu na mwanawe fundi, anauliza la lita 5,000 linauzwaje.