Kocha Msaidizi Abaki Chuo Kikubwa au Ashuke Akawe Mkuu?

Kocha Nick Saban alipokipa chuo cha Alabama ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, msimu wa 2009, miongoni mwa wasaidizi wake walikuwamo wawili ambao wangefika kileleni kwa njia tofauti kabisa. Kirby Smart, msimamizi wa ulinzi, alitulia hapo hadi mwisho wa 2015, alipoitwa na Georgia, chuo alichokichezea ujanani. Akakipa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022. Curt Cignetti, mwalimu wa wapokea pasi, aliondoka 2011 akiwa na miaka 49. Alikwenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha divisheni ya pili, Indiana University of Pennsylvania, kwa mshahara mdogo kuliko aliouacha.

Wanaotetea kubaki wana hoja nzito. Chuo kikubwa kinakuweka mbele ya macho ya waajiri, na ukishateremka mbali hivyo, simu huacha kulia. Lakini hoja hiyo inamfaa Smart kuliko Cignetti. Anayesimamia ulinzi wa timu bingwa anajulikana nchi nzima. Anayefundisha wapokea pasi anaweza kuzeeka msaidizi. Kwa mtu wa nafasi hiyo, naona kushuka kulikuwa uamuzi wa busara. Huko chini alijifunza kubeba timu nzima: akashinda, akapanda hadi chuo cha Elon, kisha cha James Madison, ambako alishinda michezo 52 na kupoteza 9. Mwishoni mwa 2023 akachukuliwa na Indiana ya Bloomington, chuo kingine kikubwa kisicho kile cha Pennsylvania, iliyokuwa imeshinda mechi 3 tu msimu huo. Mwaka uliofuata ilishinda 11, na msimu wa 2025 ikawa bingwa wa taifa bila kupoteza hata mchezo mmoja.

Hata hivyo, nasita kila ninapowasikia watu wakimtolea Cignetti mfano kwa vijana wanaoanza ukocha. Chuo kile kidogo alichokimbilia kilifundishwa na baba yake, Frank, tangu 1986 hadi 2005. Mlango ulikuwa na jina la familia. Msaidizi asiye na ukoo wa namna hiyo anaweza kushuka na asionekane tena, na wa aina hiyo hawaandikwi popote.

Tena kuna wanaoachwa nyuma. Cignetti alipokwenda Indiana, wachezaji zaidi ya 10 wa James Madison walimfuata. Siwalaumu. Kwa miaka mingi mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima huku kocha akihama atakavyo, na kulegezwa kwa sharti hilo mwaka 2021 kulikuwa haki yao. Ila waliobaki Harrisonburg, mji wa James Madison, walilazimika kuanza upya na kocha mgeni, Bob Chesney. Akawafikisha kwenye mchujo wa ubingwa msimu wa 2025, na kabla mchujo haujaanza, UCLA, chuo kikubwa cha Los Angeles, ilikwisha kumwajiri.