Mama ana mabingwa watano ila daktari hana

Mama yangu ana miaka 68 na kadi tano za kliniki: ya sukari, ya moyo, ya macho, ya mifupa na sasa hii mpya ya figo. Kila mwezi kuna siku kama nne hivi anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni, na sisi watoto tulikuwa tunaona anatunzwa vizuri kweli.

Mwezi wa nne nikaenda kumuona Mbagala nikakuta miguu imevimba, ukibonyeza na kidole linabaki shimo, alafu akinyanyuka kwenye kochi lazima ashike ukuta kwanza maana kizunguzungu. Nikamwambia mama hebu lete dawa zako zote nizione. Akaleta kile kimfuko chake cha kitenge akazimwaga mezani, aina 11. Mimi sio daktari ila kusoma najua, boksi moja la bluu, jingine jeupe, majina makubwa tofauti kabisa, lakini chini kwa maandishi madogo yote mawili yameandikwa amlodipini miligramu 10, dawa ya kushusha presha. Moja alipewa kliniki ya sukari, nyingine kwa daktari wa moyo, na asubuhi anameza zote. Kwa mtu mzima 10 ndo mwisho kwa siku, mama alikuwa anakunywa 20, na kuvimba miguu ni moja ya madhara ya hiyo hiyo dawa.

Sasa ona mambo yalivyofuatana. Miguu ilipoanza kuvimba alienda hospitali nyingine akapewa Lasix ya kukojoza, huku tayari anatumia losatani ya presha. Goti likauma, daktari wa mifupa akampa diklofenaki za maumivu, zikiisha anajinunulia mwenyewe famasi. Mfamasia ndo alinifafanulia mpaka nikakaa chini, kwamba Lasix inapunguza maji mwilini, diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo, losatani inalegeza ule wa kutolea, sasa nguvu ya kuchujia itatoka wapi? Kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu ambao figo ndo zinatakiwa kuutoa, ikapanda, na ndo hiyo kadi ya tano ilivyopatikana.

Kinachoniuma ni kwamba ukimchukua kila daktari peke yake alifanya kazi yake. Goti lilikuwa linauma kweli, presha ilikuwa juu kweli. Ila hakuna aliyemuuliza mama, kwingine umepewa nini?

Nieleweke, mabingwa siwapingi. Watu walikuwa wanachangiwa kwenda India kwa operesheni za moyo ambazo leo zinafanyika pale Upanga, Dar, kwenye taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), na kwa mifupa na ubongo tuna taasisi ya MOI pale Muhimbili. Ninachopinga ni kumruka daktari wa kawaida, tunamuona ni wa malaria tu. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, kule umeandikishwa kwa daktari wako wa familia, yeye ndo anakupa rufaa na barua ya bingwa inarudi kwake, kwahiyo kuna mtu anajua unameza nini na kwanini. Sisi kazi hiyo tumemwachia mgonjwa wa miaka 68 ambaye miwani yenyewe ilishapitwa na wakati.

Hatukumwachisha dawa hata moja kwa akili zetu. Tulimpeleka kituo cha afya jirani na nyumbani, kwa daktari mmoja kijana wa kike, akakaa na kile kimfuko karibu dakika arobaini, akaandika kila kitu kwenye daftari, akawaandikia barua wale wa moyo na wa sukari. Dawa zimebaki 7. Diklofenaki imefutwa, goti anatumia parasetamo na mazoezi. Daftari lina jalada la gazeti na mama ameandika juu kwa mkono wake DAWA ZANGU ZOTE, akifika kliniki yoyote daktari akishika tu kalamu anamwambia, mwanangu soma hili kwanza.

Viatu vyake vya kanisani vimeanza kuingia tena. Kipimo cha figo tunarudia mwezi ujao.