Breka za ombwe za kilovolti 132: chupa moja au mbili?

Kwenye nyaya za kilovolti 11 na 33 zinazosambaza stima Nakuru, Kisumu na Kakamega, breka ya ombwe, yaani swichi inayokata mkondo hitilafu inapotokea, haina tena mshindani wa maana. Ncha zake huachana kwa milimita chache ndani ya chupa isiyo na hewa, na cheche huzimika mkondo unapopita sifuri. Ubishi uko kwenye kilovolti 132, volteji ya vituo vya umeme kama Lanet, karibu na Nakuru, na Muhoroni. Kwa breka za daraja hilo gesi ya SF6, inayozima cheche badala ya ombwe, imetawala duniani kwa miongo mingi, ingawa kilo moja yake huipasha dunia joto kuliko tani 23 za kaboni dioksidi. Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni 2024/573, unazuia breka mpya za gesi hiyo za kati ya kilovolti 52 na 145 kuanzia 2028, isipokuwa kwa masharti maalum. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini inabana soko la Ulaya la watengenezaji tunaonunua kwao.

Mbona ombwe limechelewa kufika volteji hizo? Ukizidisha pengo kati ya ncha mara mbili, nguvu yake ya kuhimili volteji haizidi mara mbili. Kwa mapengo marefu huzidi kama mara 1.4 tu. Ndiyo maana kampuni ya AEI ya Uingereza, ilipounda breka ya kilovolti 132 miaka ya 1960, ilipanga chupa nane mfululizo kwa kila fezi. Leo wengine hutumia chupa mbili, na Siemens Energy inauza breka ya kilovolti 145 yenye chupa moja kwa fezi.

Chupa mbili zinavutia kwa hesabu hiyohiyo: mapengo mawili mafupi huhimili zaidi ya pengo moja lenye urefu wa yote mawili. Lakini sharti zigawane volteji sawasawa, na zikiachwa zenyewe hazigawani hivyo. Kiungo kilicho katikati yake kina ukapasita, yaani uwezo wa kushika chaji, wa kuelekea ardhini. Tuseme ukapasita huo ni sawa na wa chupa moja, na hitilafu ya ardhini iko upande mmoja wa breka. Chupa ya upande wa pili itabeba theluthi mbili za volteji: katika kilovolti 76 za fezi hadi ardhi, yenyewe 51 na mwenzake 25. Volteji inayoruka mara tu mkondo unapokatwa hupanda juu zaidi ya hapo. Chupa iliyoelemewa ikishindwa, ya pili inatupiwa mzigo wote papo hapo.

Dawa yake ni kapasita za kusawazisha. Ikiwa ukapasita wa asili ni pikofaradi 20 (kipimo cha ukapasita), kapasita ya 480 sambamba na kila chupa hushusha ile theluthi mbili hadi asilimia 51. Hesabu ni safi, lakini kapasita hizo hupitisha mkondo mdogo hata breka ikiwa wazi, na mkondo huo ukikutana na transfoma ya kupimia volteji unaweza kuzua feroresonansi, yaani mtetemo wa volteji kati ya kapasita na chuma cha transfoma, na kuiunguza. Isitoshe, ni vipuri zaidi vya kuzeeka.

Huku kwetu mambo ni mazito zaidi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, ilhali viwango vya kawaida vya vifaa hukomea mita 1,000. Ndani ya chupa mwinuko si kitu, ila nje hewa nyepesi hudai uhimili wa takriban asilimia 11 zaidi. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno, na karibu na viwanda vya sukari masizi yakilowa juu ya vihami, yaani sehemu za nje zinazozuia umeme kuvuja, yanaweza kuuvuruga mgawanyo uliopimwa maabara.

Kwa hiyo kwenye kilovolti 132 naegemea chupa moja. Wanaoipinga wana hoja nzito: pengo lake refu linadai mtambo wenye nguvu wa kuzitenganisha ncha, ngao ya chuma iliyo ndani nayo huleta suala lilelile la kugawana volteji, na historia yake kazini bado ni fupi. Na kwenye kilovolti 220, kama laini ya Olkaria–Lessos–Kisumu, mfululizo wa chupa ni vigumu kuukwepa. Ila atakayeleta chupa mbili Lanet aonyeshe mgawanyo uliopimwa vihami vikiwa vichafu na vimelowa, kwa mwinuko wa Lanet yenyewe, pamoja na uchunguzi wa feroresonansi kwa transfoma zilizopo pale. Zabuni isiyo na hayo irudishwe.