Usiku wa Jumamosi

Mimi mtu wa Njombe. Kwetu ukiambiwa "nyuma ya kilima hicho tu", unafunga chakula cha njiani. Baadaye nikaishi Mbagala, ambako umbali unapimwa kwa foleni: Kariakoo alfajiri ni dakika arobaini, jioni ni mpaka Mungu apende. Kwa hiyo nilipohamia Chake Chake, Pemba, kwa kazi ya ufundi friji, mambo ya "hapo tu" nilijiona nimeshahitimu.

Mwenzangu kazini akanialika ndoani. "Usiku wa Jumamosi, baada ya isha, kwetu Makangale. Panda gari mpaka Konde, halafu hapo tu." Alhamisi akaniaga: "Kesho usikose." Nikamjibu, "Kesho kutwa, bwana." Akacheka sana. Nami nikacheka.

Jumamosi alasiri nikavaa kanzu ya kuazima, ndefu kuliko mimi, nikabeba zawadi: saa ya ukutani, kubwa, yenye mlio ambao muuzaji aliusifu kuliko saa yenyewe. Nikaitia betri kabisa, isije ikaonekana nimepeleka nusu zawadi.

Konde nilifika magharibi inaadhiniwa, gari za kwenda mbele zimekwisha. Barazani palikuwa na mzee mmoja.

"Shikamoo, mzee. Makangale mbali?"

"Marahaba. Mbali wapi? Hapo tu." Akanyoosha mdomo.

Siku hizi najua kwamba kipimo kiko kwenye irabu. "Kule" ni kwa jirani. "Kuule", vaa viatu. "Kuuuule", na nyusi zikipanda pamoja na mdomo, muage mkeo. Mzee wangu hakuvuta irabu hata moja, kwa sababu njia ile kaipita na magunia ya karafuu tangu hajaota ndevu.

"Dakika ngapi hivi?"

"Dakika?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya bahari. "Kaza mguu, isha utaisali huko."

Njia yenyewe inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Hilo hakuna aliyelitaja. Juu miti imefunga giza, chini kanzu inazoa tope, begani boksi linasema ta, ta, ta. Popo wa Pemba, ambaye porini hapatikani kwingine kokote duniani, akikunjua mabawa anapita mita moja na nusu. Nilishalisoma hilo nikiwa nimekaa kitini. Usiku ule mmoja alipita karibu hivi kwamba nilichutama, kofia ikaenda topeni, na saa ikaendelea kuhesabu kama haikuona kitu.

Nikakutana na mtu wa baiskeli. "Ushafika," akasema, "hapo mbele tu." Nikatembea nusu saa nyingine. Simu ilinihesabia hatua zaidi ya 11,000.

Saa tatu kasorobo nikabisha hodi. Kimya. Nje masufuria yamefudikizwa, makubwa kama ngalawa, makavu. Akatoka mama mtu mzima na taa, nikajitambulisha, akashika shavu.

"Mwanangu! Ndoa si imefungwa jana?"

"Jana Ijumaa, mama."

"Jana mchana ndiyo Ijumaa. Jua lilipotua ikaingia Jumamosi. Siye tumekwambia usiku wa Jumamosi. Huu wa leo usiku wa Jumapili."

Nikaitazama saa ya mkononi, kama mtu anayemtazama wakili wake. Ikasema saa tatu kasorobo. Mambo ya siku haikutaka kuyaingilia.

Bwana harusi alikuwa keshaingia fungate kwa wakwe zake. Mama alinionea huruma. "Kama wataka kumpa mkono, mtoto atakupeleka. Hapo tu." Na mdomo ukanyooka.

"Mama, mimi nitalala hapa hapa."

Nikalishwa biriani la jana na halua ya Wete, na nikisema kweli, biriani lililolala lina utamu wake. Alfajiri nikaondoka, saa nikaiacha.

Miezi miwili baadaye nilirudi, mchana, kwa gari. Saa yangu imetundikwa ukumbini, juu ya mlango, imesimama saa saba na dakika kumi. Betri yake ilikuwa kwenye redio.

"Zawadi yako nzuri mno, mwanangu," mama akaniambia. "Haina kelele."