Nani aliyevunja kasiki za Krete?

Margarites ni kijiji cha wafinyanzi mkoani Rethymno, kisiwani Krete, Ugiriki. Mtalii huteremka garini, hupita vichochoroni, hushika kikombe cha rangi, hulipa, huondoka. Ndipo lawama huanza: watalii wameua ufinyanzi, palipofinyangwa kasiki, mitungi mikubwa ya kuhifadhia mafuta ya zeituni, divai na nafaka, leo panauzwa vidude vya ukumbusho.

Lawama hiyo ina chembe ya ukweli. Anayefinyanga vikombe mwaka hadi mwaka hajifunzi kuinua kasiki inayomfika kifuani. Na dukani, kazi ya kiwandani huweza kuketi rafu moja na kazi ya mkono bila haya.

Lakini kasiki zilivunjwa na nani hasa? Kasiki za namna hiyo zilijaa maghala ya kasri la kale la Knossos, kisiwani humo, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Zilizoshinda muda wote huo zilikuja kushindwa na pipa la bati na la plastiki baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliyeacha kununua ni mkulima wa Krete mwenyewe, tena kwa sababu nzuri: pipa ni jepesi, na likianguka halipasuki.

Na hasara haikuwa ya chombo tu. Wafinyanzi wa Thrapsano, kijiji kingine cha kisiwa hicho, walikuwa wakitoka kila kiangazi kwa vikosi kuzunguka Krete. Alikuwapo fundi mkuu na msaidizi wake, mzungusha gurudumu, mtayarisha udongo, mchoma tanuri na mbebaji. Walipanga magurudumu kwa safu, wakaongeza kila kasiki pete moja ya udongo, wakahamia ya pili wakati ya kwanza ikikazana, hadi mwisho wa safu, kisha wakarudi mwanzo. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mnunuzi akikosekana, kikosi kizima husambaratika.

Leo Thrapsano bado inafinyanga kasiki, nyingine zikiishia kupandwa maua bustanini. Wapo wanaoona ni dhihaka. Mimi naona tanuri linawaka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayemtaka mfinyanzi wa Margarites aikatae pesa ya kikombe kwa heshima ya mababu anataka akose hata hilo gae. Kasiki haiingii kwenye begi la ndege.

Mgeni mwenye shaka akigeuze kikombe, atazame kitako, aulize udongo wake umechimbwa wapi. Aliyekifinyanga atamwonyesha kwa kidole.